Siku Mkurugenzi Alipoinama

Yai la kwanza lilimpata Mok Jeong-rim sikioni, la pili mdomoni, na kabla hajalitema, mtu akammwagia unga wa ngano kichwani, mfuko mzima. Akabaki amesimama chini ya ngazi za Taasisi ya Filamu kama andazi linalosubiri mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza kazini.

"Parachuti, rudi angani!" wakaimba wafanyakazi wake, ngumi juu, vitambaa vyekundu vichwani.

Seoul nzima inalijua neno hilo. Bosi anayeangushwa na wakubwa kutoka juu bila wenyeji kuulizwa huitwa parachuti, na parachuti hazuiwi kwa barua, huzuiwa kwa vifua. Wafanyakazi hujipanga ngazini, mkono ndani ya mkono. Kila asubuhi bosi mpya huja na gari lake jeusi, husukumwa, hutukanwa, huziambia kamera kwamba anasikitika sana, kisha huenda kukaa hotelini kusaini makaratasi. Kesho yake tena. Ni mchezo wenye sheria zake, na anayezivunja huaibika mbele ya nchi nzima.

Jeong-rim alizijua sheria hizo kuliko wote waliokuwa pale, maana ujanani aliucheza mchezo huo akiwa upande wa ngazini. Sasa alikuwa na miaka hamsini na kitu, naibu mkurugenzi mkuu mstaafu wa shirika la utangazaji la umma, nywele zimetengenezwa saluni alfajiri ile ile, na alikuwa anacheza upande wa gari jeusi. Watu hubadilika, ndiyo, lakini kuna kubadilika na kubadilika.

Akapanda kidato cha kwanza. Kijana mmoja mrefu, Tak Ui-jin, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akamrudisha kwa bega. Akapanda tena. Safari hii kilikuja kiwiko, kikampata mdomoni, jino likang'oka na damu ikachanganyika na kiini cha yai. Mkono ulimwasha. Alitaka kumzaba kijana yule kibao ambacho mama yake alisahau kumzaba, na angemzaba kweli, kama asingeinua macho na kumwona Guk Hye-suk.

Hye-suk alikuwa amesimama kidato cha juu kabisa, mbele ya mlango wa kioo. Mwanamke mfupi, koti jeusi refu, nywele nyeupe alizokataa katakata kuzipaka rangi. Hakuimba wala hakurusha kitu. Aligeuza kichwa kidogo, kama afanyavyo siku zote, ili asikie kwa sikio la kulia. La kushoto lilikufa zamani.

Jeong-rim akasahau jino. Mlango ule aliutaka, aliutaka mno, ndio cheo cha mwisho alichobakiwa nacho duniani. Lakini alitaka kuupita bila mwanamke yule kuguswa hata unywele. Kama angeguswa, mlango ungekuwa na faida gani? Ndivyo alivyojiambia akiwa ndani ya gari, akijifuta unga kwa leso, na tuyakumbuke maneno yake hayo.

Lile sikio lilipotea kwenye ngazi nyingine, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Jeong-rim alikuwa mtayarishaji wa vipindi, msichana wa juzi juzi, na Hye-suk alikuwa dada yake wa kazi. Ndiye aliyemfundisha kukata mkanda, kunywa soju bila kulewa mbele ya wanaume, na kumjibu mkubwa bila kumtukana. Serikali iliwaletea mkuu mpya, wakamzibia mlango. Basi siku moja mchana kweupe kikaja kikosi cha polisi wa helmeti nyeupe, majamaa wa jaketi za jinzi na marungu mafupi, wanaume waliochaguliwa kwa sababu wanajua kumwangusha mtu.

Walipanda ngazi wakipiga. Hawakusema tawanyikeni, hawakusema lolote. Waliwashika wanawake nywele wakawaburuta kwenda chini, vichwa vikigonga kidato kimoja kimoja. Jeong-rim alisikia mlio wa mfupa wa mkono wake ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Akaanguka kifudifudi, rungu likainuliwa tena juu ya kichwa chake, na Hye-suk akamlalia. Akamlalia tu, mwili mzima, bila kelele. Rungu lile likamshukia yeye, na lililofuata, na mabuti. Damu ya sikio lake ikamtiririkia Jeong-rim shingoni, ya moto, hadi ndani ya blauzi.

Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Hye-suk alifungwa, akafukuzwa kazi, akauza vitafunwa sokoni, mpaka Taasisi ya Filamu ilipompa chumba cha chini cha kusafisha filamu kuukuu. Jeong-rim alifungwa plasta, akarudi kazini, na ule mkono ukampandisha cheo. "Huyu ndiye aliyevunjwa mkono," watu walisema, na kila alipotakiwa bosi ambaye wafanyakazi watamvumilia, aliitwa yeye. Akawa mkuu wa kitengo, akawa mkuu wa vipindi, akapanda hadi unaibu. Huko juu kuna siku alisaini kuwasimamisha kazi watangazaji waliokuja studio wamevaa nguo nyeusi za kugoma. Alisaini kwa mkono ule ule. Hye-suk aliisoma habari hiyo gazetini na kwa miaka kadhaa hakupokea simu yake.

Wiki ya kwanza ngazini ikaisha, na ya pili ikaanza vibaya zaidi. Kioo cha gari kilipasuliwa kwa tofali. Dereva aliteguka bega. Msichana mmoja wa maktaba ya filamu alisukumwa na walinzi wa Taasisi, akaangukia mkono, na wenzake wakamrukia mlinzi yule wakamng'oa nusu ya sikio kwa meno. Ndiyo, kwa meno. Watu waliosoma, wenye shahada. Jeong-rim aliona mchezo unaanza kuharibika. Akaenda mkahawa wa supu nyuma ya Taasisi saa ya chakula cha mchana, akakaa kwenye meza ambayo alijua Hye-suk huipenda, akasubiri.

Hye-suk aliingia, akamwona, akakaa kana kwamba walikuwa wameagana jana.

"Mdomo bado umevimba," alisema. "Kunywa polepole, hiyo supu ina moto."

"Kijana wako ana kiwiko cha chuma."

"Nilimgombeza. Nilimwambia mtu hasukumwi kwa kiwiko, husukumwa kwa bega. Hawa watoto hawajui kuzuia mlango, wamejifunzia kwenye simu."

Jeong-rim akacheka, akakishika kinywa kwa maumivu. Wakala kidogo. Kimchi, ile kabichi ya pilipili, ilikuwa kali na ilimchoma pale jino lilipokuwa.

"Dada, nipishe," akasema. "Muhula mmoja tu. Wale wa wizara najua kuwabana, hela za kule chini nitazitoa. Filamu zinaoza kwenye chumba chako, wewe mwenyewe unajua."

"Najua unaweza. Ningeulizwa, ningekuajiri mimi. Lakini sijaulizwa. Na hawa watoto hawajaulizwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Rudi kwa waliokutuma, waambie kamati ikae, watu waombe kazi, na wewe uombe kama wengine. Ukiipata, ngazi nitakufagilia mwenyewe."

"Hawatanichagua. Si unajua kwa sababu ya zile nguo nyeusi."

"Ehee. Basi jibu si unalo, kichwa maji wewe?"

Jeong-rim akakoroga supu yake muda mrefu. "Polisi sitaleta," akasema mwishowe.

Hye-suk akaligeuza sikio lake zima. "Sema tena, sijasikia vizuri."

"Sitaleta polisi. Nakuapia kwa mkono huu."

"Huo mkono umeapa mengi." Akachukua kipande cha nyama kwenye bakuli lake, akamwekea Jeong-rim kwenye la kwake, kama alivyozoea zamani mshahara ulipokuwa mdogo. "Nisikilize. Ukileta watu wa kunipiga, usiniite dada tena. Haya, kula."

Jeong-rim alitoka pale na moyo mweupe. Lakini hotelini alimkuta Bwana Seok wa wizara amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya meza, anamenya chungwa.

"Mkurugenzi, waziri anauliza," akasema Seok, "inakuwaje bibi mmoja kiziwi anatushinda wote?"

"Polisi hapana. Nimeshasema."

"Nani kataja polisi? Polisi wana sheria nyingi siku hizi." Akafungua mlango wa chumba cha pili. "Huyu anaitwa Ma. Ana vijana wa ulinzi. Watakulinda wewe tu, basi. Jino moja limeshakwenda, unangoja yaende mangapi?"

Ma alikuwa na shingo nene na koti jeusi, na alitafuna ubani bila kupumzika. Hakuna mtu mjini asiyewajua watu wa namna ile. Ndio wanaokodiwa kuwatoa wachuuzi sokoni na wapangaji majumbani, na wakishamaliza kazi hakuna anayejua walikotoka. Jeong-rim aliwahi kuandaa kipindi kizima juu yao, akawataja hadharani kuwa ni majambazi wenye risiti. Kipindi kilipata tuzo. Sasa alimtazama Ma, akapapasa pengo kwa ulimi.

"Mtakaa kona ya maegesho," akasema. "Hamsogei mpaka niite."

"Ishara ni ipi?" akauliza Ma.

"Hakuna ishara. Nitaita kwa mdomo."

"Na mdomo wenyewe ndio huo?"

Seok akacheka. Jeong-rim hakucheka. "Kaa pale nilipokwambia," akarudia.

"Sawa, Mkurugenzi," akasema Ma, akainama mpaka kiunoni.

Alikuwa na mpango wake, na mpango wenyewe haukuwa mbaya. Angepanda peke yake, bila dereva wala walinzi, angesimama mbele ya Hye-suk na kamera zote, angeinama na kuomba radhi kwa ajili ya wale watangazaji wa nguo nyeusi. Hakuwahi kuomba radhi hadharani maishani mwake. Baada ya hapo angeomba kuingia. Tumpe haki yake, alimaanisha kila neno, hata alilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Ila kama alimaanisha, wale wa kona ya maegesho walikuwa wa nini?

Asubuhi iliyofuata ilikuwa baridi ya kukata masikio. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga ngazini, makoti marefu, pumzi zinatoka moshi. Gari likasimama. Jeong-rim akashuka peke yake, na walipoona yuko peke yake, wimbo ukafifia, mayai yakabaki mikononi. Hye-suk akateremka vidato vichache kumpokea. Uso wake ulilainika, kila mtu aliona.

Jeong-rim akaweka mikono mapajani, akainama. Hakuinama kwa salamu ya ofisini, ya kutikisa kichwa tu; aliinama mgongo wote, nywele zikamwangukia usoni, akabaki hapo.

Sasa, kwetu mwili hauulizi. Ukiinamiwa, shingo inajibu kabla kichwa hakijaamua. Hata watu wanaoburutana mahakamani huinamiana mlangoni, kisha ndipo huingia kumalizana. Hye-suk akainama. Tak Ui-jin, na hasira zake zote, akainama. Safu ya kwanza ikainama, ya pili, ya tatu, na ili waweze kuinama, mikono iliyokuwa imeshikana kwa wiki mbili ikaachiana.

Kutoka kona ya maegesho Ma aliona visogo vitupu kutoka chini hadi mlangoni. Hakungoja kuitwa.

Walitokea upande wa kushoto. Wa kwanza walifyatua mitungi ya kuzimia moto, ngazi zikajaa vumbi jeupe la kukaba koo, na waliofuata waliingia humo na mabomba ya chuma yaliyofungwa matambara. Tak aliinua kichwa akapigwa goti, likakunjika upande ambao goti halikunjiki. Alipiga yowe moja tu, kwa sababu la pili lilikatizwa na buti. Yule msichana wa maktaba, mkono wake bado una bandeji, alishikwa kofia ya koti akatupwa hadi chini kwenye lami. Kuna aliyejaribu kumshika Ma miguu. Ma alimkanyaga vidole kimoja kimoja, bila haraka, huku anatafuna.

Hye-suk hakuwasikia. Walikuja upande wa sikio lililokufa, naye kwa umri wake na adabu zake za zamani huinama kuliko wengine wote na huchelewa kuinuka. Bomba lilimkuta akiwa bado ameinama.

"Acheni!" Jeong-rim akapiga kelele. "Sijaita! Sijaita!"

Nani wa kumsikia? Wawili walimnyanyua kwa makwapa wakampandisha juu kwa juu, viatu vyake vikigusa migongo ya watu. Kiatu kimoja kikabaki nyuma. Walimweka chini mbele ya mlango wa kioo, wakarudi kazini kwao, na kwa mara ya kwanza katika wiki mbili hakuna mtu aliyekuwa anamzuia.

Akageuka. Hye-suk alikuwa amelala vidato vichache chini yake, kichwa kwenye ncha ya saruji, nywele nyeupe zimelowa wekundu. Jamaa mmoja alikuwa amemkanyaga mkono. Macho yake yalikuwa wazi, yalikuwa yanatafuta, na yalipompata Jeong-rim yalitulia. Hayakuwa na hasira. Yalimtazama kwa mshangao, yanataka kuelezwa. Jamaa yule akalinyanyua bomba tena.

Palikuwa na nafasi. Kati ya bomba na kichwa kile palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja kulala, na Jeong-rim alikuwa karibu kiasi cha kufika. Mwili wake uliijua nafasi hiyo. Aliwahi kuwa chini yake. Akafikiri: yameshatokea. Akafikiri: nikirudi sasa, damu yote hii itakuwa imemwagika bure. Kamera zilikuwa zinamtazama, mguu wake usio na kiatu ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi, na nyuma yake mlango ulikuwa haujalindwa na mtu yeyote.

Akausukuma, akaingia. Hakuna aliyemsukuma. Bomba lilisikika kupitia kioo, mara moja, na yeye alikuwa tayari anatembea kwenye ukumbi wenye vigae, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja na soksi.

Taarifa ya habari ya jioni, kwenye shirika lake mwenyewe la zamani, ilisema palikuwa na msukumano mdogo.

Kazi aliianza, na kazi aliiweza. Hela za chumba cha chini alizitoa wizarani kama alivyosema, mashine mpya zikaja, filamu zikaacha kuoza. Tak alirudi na magongo, akajiuzulu. Waliobaki walirudi mezani kwao, maana watu wana watoto na kodi za nyumba. Lakini siku ya kwanza alipokutana na msichana wa maktaba kwenye korido, Jeong-rim alimwinamia kidogo, salamu ya kawaida tu. Msichana akadondosha chai yake, akajikunyata, mikono yote miwili juu ya kichwa. Aliona haya mwenyewe, akaomba samahani, akaokota vigae vya kikombe. Siku ya pili ilikuwa mhasibu. Wiki haikuisha kabla Jeong-rim hajajifunza kupita korido akitazama ukuta, shingo imekaza.

Hye-suk alitoka hospitali majira ya maua yalipoanza. Alikuja kuchukua vitu vyake. Jeong-rim aliposikia, aliacha kikao katikati, akateremka chumba cha chini mbio.

Alimkuta na boksi mkononi, kovu likitoka kwenye paji hadi utosini mahali ambapo nywele hazikuota tena. Alikuwa amekonda sana. Mashine mpya zilikuwa zinanguruma nyuma yake.

"Dada," akasema Jeong-rim.

Basi akaweka mikono mapajani, akainama. Aliinama kuliko siku ile, akabaki hapo mpaka kiuno kikauma na machozi yakaanza kumdondoka kutoka puani. Alivitazama viatu vya raba vya Hye-suk sakafuni akingoja mwenyewe ainame, akingoja kivuli cha kichwa kile kishuke. Viatu vilirudi nyuma, kimoja, kisha cha pili, mpaka ukutani.

Akainua macho. Hye-suk alikuwa amesimama wima, mgongo umebanwa ukutani, boksi amelishika mbele ya kifua, na sikio lake zima ameligeuzia mlangoni.

"Leo umekuja na wangapi, Mkurugenzi?" aliuliza.

"Niko peke yangu, dada. Peke yangu kabisa."

Hye-suk hakuutoa mgongo ukutani. Alisubiri mpaka Jeong-rim alipotoka na nyayo zake zikaishia ngazini, ndipo akaliweka boksi chini na kuanza kukusanya vitu vyake.